MAKSAI ANAYECHECHEMEA APUMZISHWE KIANGAZI HIKI



Kiangazi kimeingia. Pamba inavunwa, udongo umekauka, majembe ya kukokotwa yametundikwa. Jembe limepata likizo, maksai hajapata. Asubuhi yumo kwenye tela la kuni, mchana mapipa ya maji, jioni magunia. Na tunawaona hata wanaochechemea wamefungwa nira, goti limevimba kama boga, kijana yuko nyuma na fimbo. Sisi tunasema hapana. Jambo hili likome.

Kuna msemo unaopendwa sana: "Punda afe, mzigo ufike." Msemo huu ni wa mtu mwenye punda wengi. Mkulima mwenye jozi moja ya maksai akiufuata, mzigo utafika leo, na Novemba atalima kwa mikono.

Wapo wanaojibu, "Ng'ombe ni wangu, shauri yangu." Sawa, ni wako. Lakini mvua ikinyesha na maksai wako hawezi kuinuka, utabisha hodi kwa nani? Kwetu. Utaazima jozi ya jirani, jozi hiyo itakatwa pumzi kwa kulima mashamba mawili, na mashamba yote mawili yatachelewa. Pamba iliyochelewa kupandwa haimngoji mtu. Kwa hiyo goti la maksai wako ni shauri letu sote.

Hapa Kirumba wapo wenzetu ambao biashara yao ni Mwaloni na ng'ombe wao wako Magu, Misungwi au Kwimba. Wanapiga simu tu: "Tela litoke kesho." Hawajaliona goti wala hawajaulizia. Jumapili hao hao wako Uwanja wa CCM Kirumba. Mchezaji akishika goti, wa kwanza kupiga kelele "Mtoe! Mtoe nje!" ni wao. Hivi jamani, huruma ya mchezaji mnaitoa wapi, na ya maksai anayewalisha mmeiacha wapi?

Wengine wanasema kupumzisha mnyama ni mambo ya wazungu na farasi zao. Si kweli. Wasukuma wana ngitili tangu zamani. Sehemu ya malisho hufungwa mvua zinapoanza, nyasi zikaachwa zikue, kisha hufunguliwa kiangazi kinapokaza. Na hailiwi na kundi zima. Ni ya maksai, ndama, ng'ombe wa maziwa na wanyonge. Wazee wetu walijua kwamba akiba haiozi.

Ngitili nyingi zilikufa watu walipohamishiwa vijijini miaka ya 1970. Wenzetu wa Shinyanga walizifufua kuanzia mwaka 1986 kupitia mradi wa HASHI, na baada ya miaka kama 20 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Walifanya hivyo kwa kukubaliana na kulinda, hawakuwa na uchawi. Sisi tunashindwa nini? Tunashindwa na wale wanaoingiza makundi yao ngitilini usiku. Hao tunawaita kupe. Kupe wa ng'ombe anajosheshwa, lakini kupe wa malisho tunamchekea!

Sasa tuelewane maana ya kupumzika. Kumfunga maksai kamba chini ya mti kutwa nzima si kupumzika. Kiungo kisichotembea kinakakamaa. Mwache atembee mwenyewe taratibu malishoni, mahali tambarare, pasipo mawe, maji yakiwa karibu. Asipandishwe vilima kutafuta maji. Kwato zikirefuka zipunguzwe, maana kwato mbaya humpotosha mguu. Nira ikae mbali mpaka uvimbe upungue na atembee sawa, si siku tatu, bali kiangazi chote ikibidi. Akirudi kazini, aanze na mzigo mwepesi kwa muda mfupi, siku baada ya siku. Anayetoka malishoni leo na kufungwa plau kesho ataumia upya.

Wapo wanaonunua sindano ya maumivu, wanachoma, na saa ile ile wanafunga tela. Sindano hiyo inamnyamazisha mnyama, haimponyi. Maumivu ndiyo yanayomwambia asiukanyage mguu. Ukiyaondoa na kuongeza mzigo, unakimaliza kiungo kabisa. Na kile chuma cha moto wanachomchoma nacho gotini? Kinaacha kovu na kidonda, basi.

Tena tusidanganyane: si kila kuchechemea kunatibiwa kwa majani. Huenda ni mwiba, ni jipu la kwato, au ugonjwa wa miguu na midomo. Chambavu nayo huchechemesha, na inaua upesi. Goti lililojaa maji bila kuuma sana laweza kuwa dalili ya ugonjwa wa kutupa mimba, ambao humpata na binadamu kwa maziwa mabichi. Kwa hiyo bwana mifugo aitwe kwanza, ndipo maksai aingizwe ngitilini. Mwenye ugonjwa wa kuambukiza asichanganywe na wenzake. Na maksai mzee ambaye kiungo kimekwisha asirudishwe nirani kwa lazima. Mwenyewe aamue mapema, mnyama asife njiani na tela.

Tunamalizia na wakodishaji. Mjane ana jozi moja. Mtu anaikodi siku mbili, anaibebesha kazi ya siku nne, anairudisha inachechemea, kisha anasema, "Mbona nimelipa?" Amelipa kodi ya kazi, hakulipa goti. Huo ni unyonyaji, na unyonyaji wa jirani ni ule ule tuliofundishwa kuukataa. Hata Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, na maksai ni mnyama.

Tunataka mkutano ujao upitishe haya:

1. Maksai au punda anayechechemea asifungwe tela wala nira, awe wa nani.
2. Sehemu ya ngitili itengwe kwa wagonjwa na wachovu tu, na zamu za ulinzi zipangwe.
3. Anayekodi jozi aikague mbele ya mwenyewe, wakati wa kuichukua na wa kuirudisha. Akiiumiza, alipe matibabu na siku za mapumziko.
4. Wenye jozi nzima wasaidiane kumbebea maji na kuni yule ambaye maksai wake wamepumzika.

Hilo la nne ndilo zito, maana mtu hawezi kumpumzisha maksai kama nyumbani hakuna maji. Tukiliacha, hayo matatu yatabaki karatasi ukutani. Mwenye hoja ya kupinga aje mkutanini aitoe mbele ya watu, asiinong'one kilabuni.

Ushirika ni kusaidiana!