Mtoto Analilia Gold Reef City: Tumpeleke au Tutume Hela Nyumbani?

Desemba ikikaribia, meseji tunazopokea zinabadilika. Mwezi wa kumi watu wanauliza randi imesimamaje, watume leo au wasubiri. Ikifika mwisho wa Novemba swali linakuwa lingine kabisa: mtoto ana miaka minne, ameona tangazo, au rafiki yake wa krechi amemsimulia, na sasa nyumba haina amani. Anataka Gold Reef City. Mzazi anauliza, nimpeleke au hela hiyo niitume nyumbani?

Mwaka huu tumeamua kusema tunavyofikiri sisi. Wapo watakaotukasirikia, na ni haki yao.

Tuanze na hili neno ambalo kila mmoja wetu amelisikia: "Umekuja Sauzi kutafuta, hukuja kutalii." Ni kweli tumekuja kutafuta. Lakini mtoto hakuja kutafuta. Yeye ameletwa kwa basi, siku kadhaa kupitia Tunduma na Zambia mpaka Beitbridge, au kazaliwa hapa hapa Jozi na hajui kwingine. Kumwambia mtoto wa miaka minne habari za kutafuta ni kumtwisha zege kichwani kabla hajaota meno yote. Kwa hiyo sisi hatuko upande wa wale wanaosema kila randi ya raha imeibwa kwa bibi kijijini.

Na kuna jambo ambalo kina dada wanaofanya kazi za ndani wanalijua vizuri kuliko sisi wa saiti. Mmoja wetu analea watoto wa watu kule kaskazini mwa jiji. Ameshaingia kwenye bustani za michezo mara tatu. Mara zote tatu kashika mkono wa mtoto wa bosi, kabeba begi la nepi la mtoto wa bosi, kasubiri chini ya mti na aiskrimu ya mtoto wa bosi inayeyuka mkononi. Wa kwake hajaingia hata mara moja. Akirudi chumbani kwake jioni binti yake anamuuliza, "Mama, leo mlienda wapi?" Naye anajibu, "Kazini tu." Sasa mtu wa namna hiyo ukimwambia raha ni matumizi mabaya, anaweza kukuchapa kofi na sisi tutamtetea.

Pamoja na hayo yote, jibu letu kwa mtoto wa miaka minne ni hapana. Mwaka huu hapana, na Desemba hapana kabisa. Tutaeleza kwa nini.

Shika kalamu. Bei za bustani hizi zinabadilika, zina siku za ofa na siku za kawaida, kwa hiyo angalia mwenyewe bei ya siku unayotaka kwenda. Sisi tutumie mfano tu. Tuseme mko wanne, wazazi wawili na watoto wawili wadogo. Tuseme kiingilio ni randi 300 kwa mkubwa na 200 kwa mdogo. Hapo ni 1,000. Kombi hadi mjini, kombi nyingine kutoka mjini hadi kule, na kurudi vivyo hivyo, weka 200. Chakula cha ndani weka 400, maana chipsi na soda pale si bei ya spaza ya mtaani kwako. Halafu zile za hapa na pale, puto, picha, kofia, weka 200. Jumla 1,800.

Kima cha chini cha mshahara hapa, kuanzia Machi 2025, kilikuwa randi 28.79 kwa saa, na tangu 2022 wafanyakazi wa ndani nao wamo kwenye kiwango hicho hicho cha wengine. Kwa kiwango hicho siku ya saa nane ilikuwa randi 230 na senti kidogo. Gawanya 1,800 kwa hiyo. Ni karibu siku nane za kazi, jamani. Wiki nzima na nusu ya kupiga deki, au ya kupandisha matofali ghorofani, inaisha kuanzia asubuhi mpaka saa kumi jioni. Ikifika nyumbani hiyo ni zaidi ya laki mbili za Tanzania, au zaidi ya elfu kumi za Kenya. Hiyo ni sare, viatu, madaftari na michango ya shule, na chenji inabaki.

Hesabu peke yake isingetufanya tuseme hapana, maana hata sherehe ya ubatizo inakula zaidi ya hapo na hakuna anayeuliza. Kinachotufanya tuseme hapana ni kwamba mtoto wa miaka minne haipati hiyo raha unayoilipia.

Michezo inayomliza mtoto kwenye tangazo, ile ya kupinduka na kudondoka, ina kipimo cha urefu. Kuna ubao, kuna mstari, mtoto anasimama, akiwa chini ya mstari hapandi. Ni kwa usalama wake na hakuna wa kubishana naye. Mwaka juzi tuliwapeleka wa kwetu kwenye bustani moja, hatutaitaja kwa sababu kosa lilikuwa letu na si lao. Tulipanga foleni karibu saa nzima kwenye jua la Desemba, tukafika mbele, dogo akapimwa, akarudishwa. Alilia mpaka akatapika chipsi zote. Tukaishia kumpandisha kigari kidogo kinachozunguka, kile ambacho hata kwenye maduka makubwa kipo, unaweka sarafu kinacheza. Nyumbani tulipomuuliza nini kilikuwa kizuri kuliko vyote, akasema bata. Kulikuwa na bata kwenye dimbwi karibu na choo.

Tukio hilo ndilo lililotufundisha. Siku nane za kazi, mtoto akapenda bata.

Halafu kuna mvua. Waliokaa Jozi wanajua, wageni wajue: kiangazi cha hapa ndiyo masika yake. Asubuhi jua linachoma, mchana mawingu yanajikusanya, saa tisa au saa kumi radi inapiga kama mtu anavunja mabati. Radi ikianza, michezo ya juu inasimamishwa. Ukifika saa tano kwa sababu kombi zilichelewa, ukakaa foleni saa mbili, ukala, mvua hiyo hapo. Siku za sikukuu, tarehe 16 na tarehe 26 Desemba, ongeza na umati. Mtoto mdogo kupotea pale ni dakika moja tu. Ukilazimika kwenda siku hizo, mwandikie namba yako ya simu mkononi kwa kalamu ya wino, na umwambie akutafutie wapi.

Sasa tuje kwenye hela inatoka wapi, maana hapa ndipo tunapogombana na wasomaji wetu kila mwaka. Desemba ina hela ya udanganyifu. Stokvel inagawanywa, kikoba kinavunjwa, bosi mwenye moyo anaweka bahasha. Mtu anajiona tajiri kwa siku kumi. Lakini wajenzi wenzetu mnajua: saiti zinafunga katikati ya Desemba na hazifunguki mpaka Januari imeanza, na kibarua wa siku halipwi kwa siku ambazo hakufanya. Dada wa kazi naye, bosi akienda pwani mwezi mzima, kuna wanaolipwa na kuna wanaoambiwa "tutaonana Januari". Na Januari ndiyo shule zinafunguliwa, za hapa na za nyumbani.

Kuna waliokwenda bustanini kwa hela ya mashonisa. Tunawajua, wengine ni marafiki zetu. Mashonisa wa mtaani anakupa 1,000, mwisho wa mwezi anataka 1,300, mwingine 1,500, na kadi yako ya benki amebaki nayo yeye. Hapa hatuna maneno ya upole. Kama hela ya kumpeleka mtoto inatoka kwa mashonisa, mwache mtoto alie. Atalia siku mbili. Wewe utalia mpaka Pasaka.

Kuhusu kutuma: tenga ya nyumbani kwanza, kabla ya kufikiria tiketi yoyote. Afrika Kusini ni kati ya nchi ghali sana kutumia hela nje, Benki ya Dunia imelisema hilo miaka mingi, kwa hiyo kutuma kidogo kidogo mara nne Desemba ni kujikata mwenyewe. Linganisha watumaji wawili watatu, usitazame ada tu, tazama shilingi ngapi zinafika. Tuma mara moja wiki ya kwanza ya Desemba, ya sikukuu na ya shule pamoja, na umwambie anayepokea ipi ni ipi. Baada ya hapo kilichobaki ni chako, na hapo ukitaka kumnunulia mwanao aiskrimu usijisikie mwizi.

Jambo zito zaidi kwetu ni watoto waliobaki. Wengi wetu tuna mmoja hapa na wawili kwa bibi. Wa hapa anakwenda bustani, picha inawekwa status, na wa kule anaiona kwa simu ya mama mdogo. (Mjomba naye anaiona, na kesho yake asubuhi atapiga kuomba hela ya mbolea, lakini mjomba tumemzoea.) Mtoto wa kule hasemi kitu. Bibi ndiye anayekwambia baada ya wiki, "Huyu ameuliza kama yeye si mtoto wako." Yametokea kwetu. Tangu siku hiyo tumejiwekea utaratibu: tukitumia chochote cha raha kwa mtoto wa hapa, tunatuma kitu cha raha kwa wa kule, kidogo tu, kikiwa na jina lake na si cha shule. Hela ya kwenda ufukweni na binamu zake. Mpira. Na picha hatuweki status, tunamtumia yeye mwenyewe, naye anatutumia za kwake.

Basi tumpeleke wapi huyu wa miaka minne? Jozi ina sehemu nyingi ambazo hazina geti la kulipia. Zoo Lake, ziwa na bata wake, ndiyo hao hao bata, bure. Ng'ambo ya barabara kuna bustani ya wanyama ya Johannesburg, ipo tangu 1904. Ile inalipiwa, lakini ndani hakuna ubao wa kumpima mtoto, tembo hamkatai mtu kwa urefu. Kina dada mnaokaa Houghton na Killarney mna The Wilds karibu, kilima kizima kimewekwa sanamu za chuma za wanyama, na bundi wamefichwa kwenye miti, watoto wanashindana kuwahesabu. Nendeni mchana, mkiwa kundi. Kuna mabwawa ya kuogelea ya manispaa, Ellis Park na mengineyo, kiingilio ni kidogo. Beba chapati, beba maji, beba kanga ya kukalia. Kina mama watano mkiwa pamoja hiyo tayari ni sherehe.

Gold Reef City yenyewe hatuisemi vibaya. Tunasema subiri mtoto akue. Akifika miaka tisa, kumi, mpeleke, siku isiyo ya sikukuu, asubuhi mapema, na umpeleke kwa sababu mbili. Moja ni kupiga kelele kule juu. Ya pili ni kwamba bustani ile imejengwa juu ya mgodi wa kweli, shimo namba 14 la Crown Mines, na wanateremsha watu chini ya ardhi kuona dhahabu ilichimbwaje. Shirika la kuandikisha vibarua wa migodi, wazee waliliita Wenela, lilichukua vijana mpaka kusini mwa Tanganyika, Rungwe na jirani zake, hadi serikali ilipofunga mlango huo baada ya Uhuru wa 1961. Babu wa mmoja wetu alikuja namna hiyo. Hatujui alichimba shimo gani. Tunajua alirudi na baiskeli na kikohozi. Mtoto wa miaka kumi ukimteremsha kule na kumwambia babu yake alituma hela nyumbani kutoka mahali kama hapa, ataelewa. Jumba la makumbusho la ubaguzi wa rangi nalo, lililofunguliwa 2001, liko hapo hapo jirani, ila hilo lisubiri miaka mingine kidogo.

Watakaosema mtoto akikua atakuwa hataki tena, tumewasikia. Labda. Sisi tumechora mstari kwa penseli kwenye fremu ya mlango, mita moja na sentimita 20, na tumenunua kopo la kuwekea sarafu za randi tano. Kila mwisho wa mwezi binti anavua viatu, anasimama mlangoni, anapimwa, halafu anatumbukiza sarafu zake. Amebakiza vidole vinne kufika. Anakula mboga siku hizi bila kulazimishwa.