Kichwa cha Kila Mwezi Si cha Kuzoea

Katika vyumba vya uzazi wa mpango, Bukoba mjini hata Kamachumu, kuna jibu linalotolewa upesi mno: "Mwili utazoea." Mwanamke analalamika kwamba kila mwezi kichwa kinampasuka upande mmoja, anatapika, mwanga unamtesa. Anaondoka na vidonge vyake vya majira na Panadol. Kwa mwenye kipandauso, jibu hilo ni la hatari.

Kichefuchefu cha mwanzo wa kumeza vidonge kweli hupungua baada ya miezi michache. Kipandauso cha hedhi kina mwendo wake: huchochewa na kushuka kwa homoni ya estrojeni siku chache kabla ya damu kutoka. Sasa itazame pakiti ya majira. Vidonge 21 vina homoni. Vile 7 vya kahawia ni madini ya chuma tu. Siku hizo 7 estrojeni inaporomoka, kichwa kinaanza. Mwili utazoea nini, ikiwa pakiti yenyewe inarudisha mporomoko uleule kila mwezi?

Muleba tuna kikwazo kingine. Malaria imetuumiza kiasi kwamba watafiti waliichagua wilaya hii kujaribu vyandarua vilivyoongezwa kemikali ya PBO, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2018. Ndiyo maana kichwa kikiuma, wa kwanza kushukiwa ni mbu. Kupima ni lazima, sibishi. Lakini kipimo kikionyesha hakuna vimelea mwezi huu, na ujao, na unaofuata, na mama bado anameza dawa mseto ya dukani, anatibiwa ugonjwa gani?

Wapo ambao kabla ya maumivu huona vimulimuli au mistari ya kupindapinda inayong'aa, au husikia ganzi ikipanda kutoka vidoleni hadi shavuni. Hao wana hatari zaidi ya kupata kiharusi, na estrojeni ya vidonge huiongeza. Shirika la Afya Duniani limewaweka kundi la 4: wasipewe kabisa vidonge vyenye estrojeni, hata wawe na miaka 20. Na asiye na dalili hizo, kipandauso kikimwanza akiwa kwenye vidonge hivyo, kwa kawaida hubadilishiwa njia.

Najua watakaodakia: si tulisema uzazi wa mpango ni sumu! Hapana. Nao wanazitia njia zote kapu moja. Kitanzi cha shaba hakina homoni hata chembe. Vijiti na sindano ya miezi 3 havina estrojeni, na hata mwenye vimulimuli anaweza kuanza navyo huku akifuatiliwa. Kumwachisha mwanamke kinga ili abebe mimba asiyoitaka si tiba ya kichwa.

Muuguzi, kabla hujatoa pakiti, muulize: kichwa huuma siku zipi, na kabla hakijauma unaona nini? Nawe dada, weka alama kwenye kalenda siku za kichwa na siku za hedhi kwa miezi 3, uipeleke kliniki, wala usikubali kupewa pakiti ileile kabla kalenda yako haijasomwa.