Mbio za magari kwa hisani ya watoto: fedha zende wapi?

Mji wa Kale wa Mombasa haukujengewa magari. Anayeingia Ndia Kuu kutoka upande wa Fort Jesus, au Ngomeni kama tuitavyo wenyeji, akiwa ndani ya gari hana budi kukunja vioo vyake vya pembeni, kumpisha mwenye mkokoteni wa maji na kumngoja mzee aliyeketi barazani avute miguu. Huko ndani zaidi, Kibokoni na Mlango wa Papa, mna vichochoro ambavyo hata pikipiki hupita kwa adabu. Hata hivyo, yanapozungumzwa mashindano ya magari katika pwani yetu, Ngomeni hutajwa upesi kuwa mahali pazuri pa kuanzia au pa kupigia picha za mwisho. Na jambo jingine lililo jepesi kutajwa ni watoto: kwamba mbio hizo ziwe za hisani, na kitakachopatikana kiwaendee mayatima na watoto wa mitaani wa kisiwa hiki.

Wazo hilo silipingi. Wako wasomaji, hasa walimu wenzangu, watakaosema ni israfu kuchoma petroli ili mtoto apate daftari, na kwamba mwenye gari la mamilioni angeliandika hundi tu akakaa kwake. Ni hoja nzuri ya mimbarini. Lakini watu hawatoi hivyo. Mtu hutoa zaidi akiwa na furaha na akiwa machoni pa wenzake. Arusi zetu wenyewe zatosha kuwa ushahidi: yule aliyekataa kumkopesha jirani shilingi mia jioni, usiku humtuza mwimbaji elfu. Basi kama ngurumo za injini ndizo zitakazofungua mifuko, na zingurume. Swali langu ni la siku ya pili yake, vumbi likishatulia: fedha hizo zimekwenda kufanya nini, na nani aweza kutuonyesha?

Nchi hii yajua mbio za magari. Zile za Safari zilianza mwaka 1953, kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Zikaingizwa katika mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka 1973, zikatolewa baada ya mwaka 2002, kisha zikarejea mwaka 2021 huko Naivasha. Katika enzi yake ya kwanza zilikimbiwa katika barabara za umma zisizofungwa, ng'ombe, mabasi na watoto wa shule wakiwa humo humo. Tulioketi madarasani wakati huo tuliwajua kwa majina Joginder Singh, aliyeshinda mara 3, na Shekhar Mehta, aliyeshinda mara 5, kama wengine walivyowajua wachezaji wa kandanda. Mwaka 2003 zikazaliwa mbio za magari ya zamani, Safari Classic, ambazo mara kadhaa zimeanzia au kumalizikia hapa Mombasa. Katika historia yote hiyo nafasi ya mtoto ilikuwa moja: kusimama kando ya njia, kupunga mkono, na kurudi nyumbani na vumbi kichwani. Leo anaambiwa kwamba mbio ni zake. Yafaa basi tuwe wakali kuliko tulivyokuwa tulipokuwa watazamaji tu.

Mfano wa mashindano ya magari yaliyochanga fedha na fedha zikaonekana tunao. Rhino Charge ilianza mwaka 1989 kwa kusudi moja, nalo ni kujenga ua wa umeme katika Milima ya Aberdare ili kuwalinda vifaru. Mashindano yenyewe ni ya ajabu kidogo. Magari hayashindani kwa kasi. Hupewa vituo 13 porini vya kufikia kwa muda wa saa 10, na mshindi ni yule aliyevifikia vyote kwa masafa mafupi zaidi, hata kama amepita juu ya majabali. Na kabla ya dereva kuwasha injini, timu yake imekwisha kutafuta wafadhili na kuleta mchango. Mwaka baada ya mwaka ua ukarefuka. Mwaka 2009 ukakamilika, kiasi cha kilomita 400 kuuzunguka msitu, ndovu wakabaki kwao na wakulima wa pembezoni wakapata usingizi. Waandalizi hawakuishia hapo, wakaendelea na Eburu na Mlima Kenya.

Mimi si mpenzi mkubwa wa michezo ya wenye nacho, lakini nakiri kwamba jambo hilo lilifanywa sawasawa. Kila mchangaji aliweza kwenda Aberdare, akashika nguzo (asiguse waya) na kusema: shilingi yangu imo humu. Kazi ilikuwa moja, ilihesabika, na haikubadilishwa kila mwaka kwa matakwa ya mfadhili mpya. Nao watoto hawakusahauliwa katika michango ya barabarani. Matembezi ya Mater Heart Run yalianza Nairobi mwaka 1993, na fedha zake hugharimia matibabu ya moyo ya watoto ambao wazazi wao hawana uwezo. Hapa pia kazi ni moja na inahesabika: mtoto aliyekuwa hawezi kupanda ngazi ametibiwa, amerudi kwao, anapanda.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili lanikera hivi. Mwaka 1991 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja hapa kisiwani. Tuliletewa kadi za matembezi ya hisani na shirika moja ambalo silitaji. Kila mwanafunzi alitakiwa kuzunguka na kadi yake kutafuta watu wa kumwahidi kiasi fulani kwa kila kilomita atakayotembea, na fedha zote zingewaendea watoto maskini. Msichana mmoja wa darasa langu aliipeleka kadi yake Mtaa wa Biashara, duka hadi duka, kwa wauza leso, kisha Marikiti kwa wauza viungo. Alitembea kilomita zote 20 kwa kandambili. Wiki iliyofuata alizunguka tena kukusanya ahadi zake, akaniletea shilingi 340 katika mfuko wa karatasi, nyingi zikiwa sarafu. Nikazipokea, nikaandika jina lake katika orodha, nikazipeleka.

Muhula uliofuata aliniuliza, "Mwalimu, zile pesa zilifanya nini?" Nikasema nitauliza. Nikauliza kwa barua mara mbili, nikaenda mwenyewe mara moja. Nilipewa chai na kalenda. Stakabadhi sikupewa, wala hesabu, wala hata jina la kituo kimoja kilichosaidiwa. Sisemi kwamba ziliibwa. Huenda zilifanya mema mahali fulani. Lakini sikuwa na la kumjibu. Kadi zilipokuja tena mwaka wa pili, darasa zima lilizirudisha tupu, nami sikupata uso wa kuwakemea. Yule msichana hakuwamo darasani wakati huo. Alikuwa ameacha shule mwezi Februari kwa kukosa karo.

Wengine watasema hayo yalikuwa mambo ya zamani, na kwamba siku hizi mchango hutumwa kwa simu na kila shilingi huacha alama. Ni kweli. Lakini alama hiyo yaonyesha shilingi imetoka kwa nani na imeingia kwa nani. Haionyeshi imemfanyia nini mtoto. Kwa hivyo rai yangu kwa yeyote anayetaka kuandaa mbio za hisani kisiwani Mombasa ni kwamba kwanza aseme ua wake ni upi. "Kusaidia watoto" si ua; ni uwanda usio na mpaka, ambamo mtu aweza kununua mipira leo, magodoro kesho na fulana kesho kutwa, na mwishoni asipatikane mtoto mmoja ambaye maisha yake yamebadilika.

Jawabu la wengi, nalijua, ni kujenga makao ya mayatima. Jengo laonekana, lina jiwe la msingi na kibao chenye majina. Lakini serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto mwaka 2017, na mkakati wake wa miaka 10 ulioanza mwaka 2022 walenga kuwarejesha watoto katika familia. Mimi naona ni uamuzi wa busara, na watu wa Mji wa Kale hawakuhitaji kungoja serikali iwaambie. Katika mitaa yetu mtoto aliyefiwa aghalabu hakosi nyanya au khalati wa kumtandikia jamvi. Anachokosa ni sare, nauli ikiwa amehamia kwa jamaa zake Likoni, chakula cha mchana, na karo. Kumwondoa kwa khalati yake na kumpeleka katika jengo lenye geti ili wafadhili wapate mahali pa kutembelea ni kumfanyia hisani mfadhili.

Basi ua wetu na uwe masomo, tena masomo ya kumalizika. Tufanye hesabu kidogo. Wanafunzi wanaosoma safu hii na watoe kalamu. Mwongozo wa karo uliotolewa na serikali mwaka 2015 uliweka shilingi 53,554 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa bweni katika shule ya kitaifa. Tukichukua kiwango hicho kuwa kipimo, na tukakadiria kwamba mbio zimeleta shilingi milioni 10 baada ya gharama zote, fedha hizo zitalipia wanafunzi 186 kwa mwaka mmoja. Idadi hiyo itapendeza sana katika hotuba. Lakini sekondari ya juu ina miaka 3. Ukitaka kuwafikisha mwisho wale wale ulioanza nao, ni wanafunzi 62 tu. Na ukizitia fedha hizo katika rasilimali yenye kuzaa, tuseme, asilimia 8 kwa mwaka, utapata shilingi 800,000, ambazo zatosha wanafunzi 14 kila mwaka, bila mtaji kuguswa.

Wanafunzi 186, au 62, au 14? Waandalizi watapenda ile ya kwanza, kwa kuwa mwaka ujao wanaweza kuandaa mbio nyingine, na wasipoandaa hakuna atakayewauliza. Mwalimu, ambaye ndiye atakayemwona mtoto wa 63 akirudishwa nyumbani katika mwaka wake wa pili, hawezi kuipenda. Kumwingiza mtoto shuleni na kumwacha njiani ni kumfanya aaibike mara mbili. Mimi ningechagua ile ya 62 kwa mbio za kwanza, na kuanzia mbio za pili sehemu ya fedha itengwe kwa ajili ya ile ya 14. Atakayesema hesabu yangu haikujali kupanda kwa bei atakuwa amesema kweli, na hiyo ni sababu moja zaidi ya kutoahidi wengi.

Njia hiyo ya tatu si ngeni kwetu. Wazee wa mji huu waliijua kabla ya benki kufika: walitoa nyumba au shamba kuwa wakfu, mali yenyewe ikazuiliwa isiuzwe, kodi yake ikatumika kwa msikiti au kwa wahitaji. Wako wanaosoma makala haya huku wameketi katika nyumba za namna hiyo. Wapo pia watakaonikumbusha kwamba baadhi ya wakfu ziliharibiwa na wasimamizi wake, nami sibishani nao. Ndiyo maana nasema hesabu ziwe hadharani. Lakini kumfundisha mtu wa Mombasa maana ya mtaji usioguswa ni kumfundisha samaki kuogelea. Na fedha za mbio zinaweza kuwa za Mwislamu, Mkristo na Mhindu pamoja, zikasimamiwa na walimu wakuu, wazazi na mhasibu asiye jamaa ya mwandalizi.

Mambo mawili madogo ya siku yenyewe ya mbio. La kwanza, magari yasiingizwe Mji wa Kale. Yaanzie Barabara ya Mama Ngina, ambako tangu mwaka 2019 pametengenezwa vizuri mbele ya bahari na pana nafasi ya watu kusimama salama, kisha yavuke yende bara. Wanaotaka Ndia Kuu iwe na mbio wafanye za mikokoteni. Hamali wetu wana misuli na njia wanaijua, nami nitatoa mchango wangu wa kwanza hapo. La pili, watoto watakaosaidiwa wasipangwe mstari mbele ya magari kuimba wakiwa wamevaa fulana za mfadhili. Mtoto wa Kibokoni anayelipiwa karo ataketi darasani na wenzake kesho yake. Hana haja ya darasa zima kujua.

Ninachotaka kuona badala ya picha ni karatasi moja, ibandikwe kila mwezi wa Januari katika ubao wa matangazo wa kila shule iliyochangisha fedha, ionyeshe kilichokusanywa, kilicholiwa na gharama, wanafunzi walioanza, waliomaliza, na walioacha pamoja na sababu zao, bila majina. Mwanafunzi yeyote aliyezunguka Mtaa wa Biashara na kadi aweze kusimama mbele yake akaisoma mwenyewe, bila kumuuliza mwalimu wake.