Bango ukutani halimzuii bosi

Wenzangu wa insentivu, na nyinyi maofisa wa mashirika mnaotusoma hapa, leo tuongee juu ya mwajiri.

Ofisi nyingi hapa Kakuma zina bango: usinyanyase, usidai ngono, ripoti kwa namba hii. Bango ni sawa. Lakini angalia kazi yenyewe inavyopatikana. Mkataba wa mkimbizi ni mfupi, na pesa ni posho tu, haiitwi mshahara. Mara nyingi mtu mmoja ndiye anakuchagua, anapanga zamu zako, anasaini mahudhurio, tena ndiye anaulizwa kama urudishwe mkataba ukiisha. Sasa huyo akikuambia "tuonane jioni", utamjibu nini? Na si wasichana peke yao. Kuna vijana wanatukanwa mbele ya watu kila asubuhi na wananyamaza, kwa sababu nyumbani wadogo zao wanangoja hiyo posho.

Wengi wetu tuna ndugu Beni na Butembo, hii habari tunaijua. Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, wanawake waliambiwa kazi ipo, lakini kwanza ulale na mimi. Tume huru iliyochunguza ilitoa ripoti Septemba 2021: washukiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na WHO yenyewe. Na msifikiri kanuni ilikosekana. Umoja wa Mataifa ulikataza wazi kubadilishana kazi kwa ngono tangu 2003. Karatasi ilikuwepo miaka 15, na bado mtu mmoja aliweza kugawa kazi kama pipi mfukoni mwake.

Hapa Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aandike sera dhidi ya unyanyasaji wa kingono, baada ya kuongea na wafanyakazi wenyewe au wawakilishi wao. Wewe uliitwa lini kwenye hicho kikao? Wengine watasema wa insentivu si mfanyakazi, ni mtu wa kujitolea. Haya, kama ni wa kujitolea, kwa nini anaandikiwa zamu na anakatwa posho akichelewa?

Kungoja mtu alalamike ndipo uunde kamati, hiyo si kuzuia. Kuzuia ni kumpunguzia bosi nguvu kabla hajaitumia vibaya. Asiajiri peke yake. Malalamiko yasipitie mezani kwake, na mtu aweze kuyasema kwa Kiswahili, Kisomali, Kirundi, si Kiingereza tu. Uchunguzi ukianza, ahamishwe yeye. Aliyelalamika abaki na zamu zake. Najua mtasema bajeti imekatwa. Ni kweli, tunaiona hata kwenye mgao wa chakula. Lakini saini ya pili haina bei.

Orodha ya mikataba inayokuja, tunaomba iwe na majina mawili chini yake, na moja litoke nje ya idara hiyo.