Hatukushindwa kwa Ujinga

Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu wa isimu swali moja lisilo la isimu: kwa nini wapiganaji wa Maji Maji walishindwa? Jibu halibadiliki. Waliamini maji, husema, na maji hayazuii risasi. Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli aghalabu hupotosha kuliko uongo mtupu.

Nusu ya pili imo katika msamiati wetu wenyewe. Wazee wa pwani walitofautisha bunduki ya gumegume, iwashwayo kwa cheche za jiwe, bunduki ya fataki, na bunduki ya viasi. Magobori ya aina mbili za kwanza yalishindiliwa baruti na risasi kwa mdeki, kupitia mdomo wa kasiba. Bunduki ya viasi ilitiwa kwa nyuma risasi na baruti zilizokwisha kufungwa pamoja. Tofauti hii ya mbele na nyuma yaonekana ndogo, lakini iligharimu falme.

Aliyeifanya kuwa silaha ya jeshi zima ni Johann Nikolaus von Dreyse, mwana wa fundi wa kufuli, aliyezaliwa mwaka 1787 katika mji wa Sömmerda, Ujerumani. Alijifunza kazi huko Paris katika karakana ya Mswisi Pauly, akarejea kwao mwaka 1814. Baada ya majaribio ya miaka mingi, mwaka 1836 alikamilisha bunduki ya kutiwa kiasi kwa nyuma, ambayo sindano yake ndefu ilitoboa karatasi ya kiasi na kugonga fataki ndani yake. Prusia iliikubali miaka michache baadaye.

Haikuwa silaha kamilifu. Ilivuja moto nyuma, na masafa yake yalikuwa mafupi kuliko ya bunduki za Waaustria. Hata hivyo, tarehe 3 Julai 1866, huko Königgrätz, askari wa Prusia alipiga risasi tano hivi kwa dakika hali amelala chini. Mwaustria alipiga mbili hivi, naye ilimbidi asimame ili ashindilie. Je, Mwaustria aliyeanguka pale alikuwa mjinga au mwoga? Hakuna mwanahistoria asemaye hivyo.

Hapana budi tukiri pia kwamba bunduki peke yake haishindi vita. Mwaka 1870 Wafaransa walikuwa na bunduki ya Chassepot iliyoipita mbali ile ya Dreyse, na bado Prusia iliwashinda. Lakini zingatia hili, ndugu msomaji: Ufaransa ilipoona hatari, iliikubali Chassepot mwaka uo huo wa 1866. Uingereza nayo ilianza kuzigeuza bunduki zake kwa mtambo wa Snider. Aliyepitwa aliruhusiwa kujifunza.

Mwafrika hakuruhusiwa. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliotiwa sahihi kwa jina la kupiga vita biashara ya watumwa, ulipiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, tangu digrii 20 kaskazini hadi digrii 22 kusini mwa ikweta. Gumegume na baruti ya kawaida viliweza kuruhusiwa. Madola yale yale yaliyokuwa yakiligawana bara ndiyo yaliyoamua nani abaki na gobori. Mathalani, mwezi Agosti 1905 huko Mahenge, watu wenye mikuki na magobori machache waliikabili ngome yenye bombomu.

Anayetilia shaka hoja hii na aitazame Adwa. Menelik wa Ethiopia alizipata bunduki za viasi kwa maelfu licha ya mkataba huo, na tarehe 1 Machi 1896 aliwashinda Waitalia.

Sisemi tuisifu bunduki, kwani bara letu limekwisha kuumia nayo vya kutosha. Nasema mwalimu anayemfundisha mtoto kwamba babu yake alishindwa kwa ushirikina tu, anampandikiza mtoto huyo dharau kwa nafsi yake. Na amweleze habari za maji, kisha amweleze na habari za mdeki, za kiasi na za mkataba. Maneno hayo yamo katika kamusi zetu. Tukiyaacha yafe, tutabaki na hadithi tuliyosimuliwa na aliyetushinda.