KIJANA APEWE TATIZO, ASIPEWE MAJIBU TU



Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, unaahidi fikra tunduizi, ubunifu na utatuzi wa matatizo. Maneno matamu! Lakini ubunifu haukaririwi. Kijana wa Ganze aijuaye kiu kuliko afisa yeyote atajifunzaje kubuni, iwapo kazi yake darasani ni kunakili ubao?

Ushahidi tunao hapa Gede. Majirani wengi wa msitu wa Arabuko-Sokoke walitaka ukatwe wapate mashamba. Mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993, haukuwahubiria tu. Ulishughulikia shida yao ya mapato, ukawafundisha kufuga vipepeo wanaouzwa ng'ambo wakiwa bado vifukoni mwao. Msitu ukaleta faida ukiwa umesimama.

Hivyo ndivyo vijana wafundishwe: wamsikilize mwenye shida kwanza, wabuni dawa, waijaribu kwa kiasi kidogo, warekebishe, wajaribu tena.

Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini. Tunadai karakana zake zifunguliwe kwa wanafunzi wa sekondari msingi, na mapendekezo yao yasikilizwe katika vikao vya bajeti. Makanisa nayo yatoe kumbi. Talanta haikutolewa ifukiwe.

Kijana anayeuliza leo kwa nini kisima kimekauka, kesho atauliza fedha za kisima zilikwenda wapi. Ndiyo maana wakubwa wengine hawana haraka. Sisi tunayo.