Nasaha za Mwezi: Kazi Bila ya Hati



Hapa Zuzu, na Dodoma yote tangu Serikali ilipoanza kuhamia mwaka 2016, vijana wengi huajiriwa kwa maneno tu: huyu katika shamba la zabibu, yule katika ujenzi, na binti katika kazi za nyumbani. Ukifika mwisho wa mwezi, mwajiri mwingine husema, "Una hati gani?" Kijana huinamisha kichwa akaenda zake, akidhani kwamba asiye na karatasi hana haki. Dhana hiyo haina asili katika dini wala katika sheria ya nchi.

Ama katika dini, mapatano ya kazi hutimia kwa maneno, madhali kazi na ujira vimejulikana. Nabii Musa a.s. alipofika Madyan alipatana na mzee wa huko kumtumikia miaka 8, na akitimiza 10 ni kwa hiari yake. Muda ulitajwa, malipo yalitajwa, na Mwenyezi Mungu akafanywa shahidi. Naye Mtume s.a.w. ametufundisha kwamba mwenye kumtumia mtu kazi ikatimia, kisha akamnyima ujira, Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu yake Siku ya Kiyama.

Ama katika Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imemlazimisha mwajiri kumwandikia mfanyakazi wake maelezo ya kazi, mahali, saa na mshahara. Asipoandika, na shauri likazuka, mzigo wa kuthibitisha masharti ni juu yake yeye mwajiri. Hayo ni kwa anayemfanyia mwajiri mmoja kazi siku 6 au zaidi kwa mwezi.

Lakini haki husimama kwa ushahidi. Aya ya 282 ya Suratul Baqara imetuamrisha kuandika deni la muda na kuweka mashahidi. Na mshahara usiolipwa ni deni. Basi, ewe kijana, weka daftari dogo. Andika siku uliyoanza, ujira mliopatana, siku ulizofanya kazi na fedha ulizopokea. Hifadhi ujumbe wa malipo katika simu, na uwajue waliosikia mapatano yenu. Ukidhulumiwa, mwendee kwanza mwajiri kwa adabu, pamoja na mzee mmoja. Akikataa, peleka shauri katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wala usikawie: kuachishwa kazi isivyo haki hupelekwa ndani ya siku 30, na mengineyo, kama mshahara uliozuiliwa, ndani ya siku 60.

Nanyi wenye kuajiri, msingoje kushtakiwa. Binti apikaye na kufua katika nyumba zetu naye ni mfanyakazi. Muandikieni ujira wake, mumlipe kwa wakati. Kuandika karatasi moja leo ni kwepesi kuliko kutoa hesabu kesho Akhera.

Wabillahi tawfiq.